Lenzi za Mkono Juu ya Kamera za Dijitali

Watu wengi wanaoiona lenzi iliyoundwa mwaka 1965 ikitoa picha nzuri juu ya kamera ya dijitali ya leo hudhani kwamba jambo hilo limewezeshwa na hila kubwa ya kielektroniki, ilhali sababu yake ya kweli ni utupu: nafasi iliyo baina ya lenzi na kihisi, yaani lile bapa linalopokea nuru mahali pa filamu, ambayo zamani ilikaliwa na kioo cha kuakisi, na ambayo sasa, baada ya kioo hicho kuondolewa, imebaki wazi. Anayetaka kuamua kwa insafu kama lenzi hizi za kuzungushwa kwa mkono zinafaa au hazifai sharti aanze na nafasi hiyo, kwa kuwa faida zake nyingi, na baadhi ya madhara yake, zimezaliwa humo.

Kila lenzi huundwa ili, ikielekezwa kwenye kitu kilicho mbali kabisa, itue taswira yake umbali maalumu nyuma ya kifungio chake, na umbali huo haubadiliki kwa rai ya mtumiaji, kwa maana umekatwa katika chuma kiwandani. Katika kamera za filamu zilizomwezesha mpiga picha kutazama kupitia lenzi yenyewe, kioo cha kuakisi kilihitaji nafasi ya kuinuka na kushuka, hivyo mafundi walilazimika kuiweka lenzi mbali na filamu: Nikon, tangu kamera yake ya F ya mwaka 1959, milimita 46.5, Olympus OM, milimita 46, lenzi za hesi ya M42, milimita 45.46, Minolta, milimita 43.5, Canon FD, milimita 42. Kamera za dijitali zisizo na kioo zimekata umbali huo zaidi ya nusu, hata Sony E ikawa na milimita 18, Fujifilm X milimita 17.7, Nikon Z milimita 16, na Canon RF milimita 20. Tofauti ya tarakimu za kale na za leo ndiyo nafasi ya adapta. Lenzi ya M42 inapofungwa juu ya kamera ya Sony, pete ya chuma yenye urefu wa milimita 27.46, isiyo na kioo wala waya ndani yake, huirudisha lenzi mahali pake pa asili mbele ya bapa la nuru, na kazi ya elimu ya mwanga inaendelea kama ilivyokuwa.

Hesabu hii ndogo imewahi kuwatia watu hasara na baadaye kuwarudishia mali yao. Mwaka 1971 Canon ilitoa lenzi za jamii ya FD, nazo zilikuwa miongoni mwa lenzi bora za zama zile; lakini mwaka 1987 kampuni hiyo hiyo, ikiifuata fokasi ya kujiendesha ambayo Minolta ilikuwa imeifanikisha sokoni kwa kamera yake ya 7000 ya mwaka 1985, ilikiacha kifungio cha FD na kuanzisha kingine, EF, chenye umbali wa milimita 44. Lenzi iliyohitaji milimita 42 ikawa imesogezwa mbali mno kwa milimita mbili, na bila ya adapta yenye kioo cha kusahihisha, ambacho aghalabu huharibu kile kinachokisahihisha, haikuweza kuona mbali. Kwa zaidi ya miaka ishirini mizinga ile ya kioo na chuma ilikaa makabatini, mpaka Panasonic ilipotoa kamera ya G1 mwaka 2008 bila kioo cha kuakisi, Sony ikafuata kwa NEX mwaka 2010, kisha mwaka 2013 ikatoa A7, ambayo kihisi chake kina kimo na upana ule ule wa fremu ya filamu, milimita 24 kwa 36. Hapo lenzi za FD, na za Minolta, na za Konica, zilirudi kazini zikiwa vile vile zilivyokuwa.

Mwenye kamera ya dijitali ya aina ya zamani kidogo, yenye kioo cha kuakisi, yafaa aifanye hesabu hii kabla ya kufungua mkoba wake. Canon yenye milimita 44 hupokea M42, Nikon na Olympus OM bila taabu, bali haipokei FD wala Minolta. Nikon yenye milimita 46.5 haipokei karibu chochote kisichokuwa chake. Hata M42 huipungukia kwa milimita moja na ushei, na ushei huo unatosha kuizuia lenzi isifike mbali.

Usahihi wa pete ya adapta una uzito kuliko bei yake inavyodokeza. Tuseme fundi aliyeikata ameizidishia unene kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Lenzi ya milimita 50, ikizungushwa hadi alama yake ya mwisho, haitafika tena upeo wa macho, bali ukali wake utatua mita 25 mbele yake. Lenzi ya milimita 135 itafika mita 180 na kitu, jambo ambalo wengi hawataling'amua kamwe. Lakini lenzi pana ya milimita 24 itakwama chini ya mita sita, na aliyesimama Forodhani akitaka majahazi yaliyoko nje ya bandari atapata majahazi yaliyofifia, hasa tundu la lenzi likiwa wazi. Kwa kulihofu hilo, watengenezaji wa adapta za bei nafuu hukata pete nyembamba kuliko ipasavyo, ili lenzi ivuke alama ya mbali badala ya kupungukiwa. Shauri hilo ni la busara na halina dhara kubwa, ila alama za umbali zilizochongwa juu ya pipa la lenzi huwa hazisemi kweli tena, na baadhi ya lenzi pana, zile ambazo vioo vyake vya ndani husogea kwa kutegemeana, hupoteza ukali pembezoni. Adapta inayochezacheza mkononi isinunuliwe kwa bei yoyote.

Kinachovuka katika pete hiyo ni nuru peke yake. Kamera haipati habari yoyote ya lenzi iliyo mbele yake, na nyingi hukataa kupiga picha mpaka mwenyewe aingie katika orodha ya mipangilio na kuiruhusu shata ifanye kazi pasipo lenzi. Picha itakayohifadhiwa haitaandikwa namba ya tundu wala urefu wa fokasi, hivyo mwenye kupenda kujifunza kutokana na kazi zake hana budi kuweka daftari. Kipimo cha mwanga, kwa upande wake, hufanya kazi vyema: mpiga picha hulifunga tundu kwa kidole chake mpaka namba aitakayo, na kamera, ikiachiwa kuchagua kasi ya shata, hupima nuru iliyobaki na kukata hukumu yake kwa usahihi wa kutosha. Katika kamera yenye kioo cha kuakisi, kulifunga tundu hutia giza kitazamio hata fokasi ikawa muhali. Katika kamera isiyo na kioo, skrini huongezewa mwanga na taabu hiyo huondoka.

Kuna mambo madogo ya ufundi ambayo asiyeyajua hudhani lenzi imeharibika. Lenzi nyingi za M42 zina swichi ndogo ya kuchagua baina ya tundu linalofungwa na kamera na tundu linalofungwa kwa mkono, na swichi hiyo sharti iwekwe upande wa mkono, au adapta iwe na ukingo wa kukisukuma kipini kilicho nyuma ya lenzi. Lenzi za FD huhitaji adapta yenye pete ya kukishika kiwiko cha tundu. Helios-44-2 ya Warusi ina pete mbili za tundu, moja ya kuweka kikomo na nyingine ya kufungua na kufunga hadi kikomo hicho, nao ni mpango mzuri mno kwa aliyeuzoea, kwa maana anaweza kutafuta fokasi tundu likiwa wazi kisha akalifunga bila kuondoa jicho. Na kama kamera ina kitulizo cha mtikisiko ndani ya mwili wake, kama A7 II ya mwaka 2014 na nyingi zilizoifuata, lazima iambiwe urefu wa fokasi wa lenzi iliyofungwa. Ikidhani ina milimita 200 ilhali ina 58, itakisukuma kihisi kupita kiasi na kuiharibu picha iliyotaka kuiokoa.

Fokasi ndiyo mtihani mkubwa. Kamera za filamu zilikuwa na vitazamio vipana vilivyochorwa duara la kuonyesha taswira iliyokatika vipande viwili, ambavyo huungana fokasi inapotimia. Vitazamio vya kamera za dijitali zenye kioo cha kuakisi vilitengenezwa kwa ajili ya fokasi ya kujiendesha, na macho ya watu hudanganyika ndani yake kwa urahisi. Kamera isiyo na kioo imeleta misaada miwili. Wa kwanza ni kupaka rangi kingo za vitu vilivyo katika fokasi, nao hupendwa kwa wepesi wake, lakini kamera hapo hupima ukinzani wa mwanga na kivuli tu, na lenzi ya kale iliyofunguliwa kabisa, ambayo ukinzani wake ni mpole, huifanya isite au ipake rangi eneo pana kuliko haki. Wa pili ni kukuza sehemu ndogo ya picha mara kadhaa katika kitazamio, nao ndio wa kutegemewa, ingawa humfumba mpiga picha asiyaone mengine yote kwa muda ule. Lenzi ya milimita 58 katika f/2, ikielekezwa kwa mtu aliye umbali wa mita moja na nusu, ina kina cha ukali kama cha sentimita nane kwa kanuni za zama za filamu, na kwa kihisi chenye nukta milioni 24 au zaidi, picha ikikuzwa, kina hicho hupungua sana. Mtu aliyesimama akipumua na kuyumba kidogo anaweza kutoka humo bila kujua.

Kutokana na hayo, sioni sababu ya kuficha hukumu iliyo dhahiri: mpiga picha aliyeajiriwa kwa harusi, ambako bibi harusi huingia mara moja tu na hakuna wa kumwambia arudi mlangoni, au anayepiga mpira wa miguu, au anayewafuata watoto wakikimbia ufukweni, asiziweke kazi hizo juu ya pete ya mkono kama ana lenzi ya kujiendesha na kamera inayolitambua jicho la mtu na kulifuata. Mabwana wa zamani walifanya kazi hizo zote kwa mkono, kweli, na baadhi yao kwa ustadi ambao leo hauonekani. Lakini walikuwa wakifanya kila siku kwa miaka, na wateja wao walizipima picha kwa ukubwa wa karatasi ya albamu.

Sasa tuuingie uwanja ambao wapenzi wa lenzi hizi huutaja kwanza, nao ni tabia ya vioo vyenyewe. Uso mmoja wa kioo kisichopakwa kitu hurudisha nyuma kama asilimia 4 ya nuru inayoupiga. Lenzi yenye vioo sita vilivyopangwa katika mafungu manne ina nyuso nane zinazogusana na hewa, na ukizihesabu zote utaona kwamba zaidi ya robo ya nuru haifiki inakotakiwa. Sehemu yake hupotea, na sehemu nyingine huzungukazunguka baina ya vioo na kutua mahali pasipo pake, ikafifisha weusi na kupunguza ukinzani. Ludwig Bertele, alipoibuni Sonnar kwa ajili ya kamera za Contax mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliviunganisha vioo sita katika mafungu matatu kwa gundi ili nyuso za hewa zibaki sita, na hekima hiyo bado inaonekana katika Jupiter-8 ya Kirusi iliyofuata mpango wake. Mwaka 1935 Alexander Smakula, katika kiwanda cha Zeiss, alivumbua njia ya kuupaka uso wa kioo utando mwembamba unaopunguza mwangwi wa nuru, na tangu hapo mabwana wa elimu ya mwanga wakapata uhuru wa kuongeza vioo bila ya kuogopa. Kufikia mwaka 1971 Asahi ilikuwa ikiuza Takumar zilizopakwa tando nyingi, na tofauti baina ya lenzi hizo na zile zilizozitangulia hujulikana mara jua linapoingia katika fremu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wakaao karibu na Ikweta. Jua la adhuhuri la Pwani huanguka karibu wima, hurudishwa na mchanga na kuta za chokaa, na kuipiga lenzi kutoka pande ambazo mpiga picha hazitazamii. Lenzi ya utando mmoja, pasipo kikinga jua mbele yake, hutoa picha iliyovikwa utando wa maziwa. Wako wanaodai kwamba utando huo ni faida, ati huinua vivuli na kuyapa maeneo ya giza uhai. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu nuru iliyoongezwa juu ya kivuli haikutoka kwenye kitu kilichomo kivulini, haibebi habari yoyote yake, na kinachoonekana kuwa uhai ni kijivu kilichotandazwa. Penye haki ni hapa: katika picha ya uso wa mtu, wakati wa alasiri, upole huo huifanya ngozi itulie na macho yabaki na nafasi ya kutawala, na picha ya namna hiyo huwa na hadhi ambayo lenzi mpya, iliyoundwa ionyeshe kila tundu la jasho, huipata kwa taabu.

Helios-44 inastahili kukaliwa kidogo, kwa maana ndiyo lenzi ya kale ambayo wengi huanza nayo. Asili yake ni Biotar, mpango wa Willy Merté wa Zeiss wa mwaka 1927, ambao baadaye ulipewa umbo la milimita 58 katika f/2 kwa kamera za Dresden. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Warusi waliuchukua mpango huo Krasnogorsk, na kwa miongo kadhaa lenzi hiyo ilitoka viwandani ikiwa imefungwa juu ya kamera za Zenit kwa wingi wa ajabu, na wingi huo ndio unaoiweka bei yake chini hata leo. Inapofunguliwa kabisa, na nyuma ya mtu pakiwa na majani ya miti yanayopenyeza nuru, madoa ya nuru hujipinda kuizunguka fremu kama yanayovurugwa, kwa sababu pipa la lenzi huikata duara ya tundu katika pembe na kuifanya iwe na umbo la jicho la paka, na kwa sababu nyanja ya ukali wake imepinda. Meyer-Optik Trioplan ya milimita 100, yenye vioo vitatu tu, hufanya jambo jingine: kila doa la nuru huwa na ukingo mkali na kitovu kilichofifia, mithili ya povu la sabuni. Hizi ni dosari ambazo wabunifu wenyewe walizipigania wazipunguze. Mimi naziona nzuri mahali pachache, na naona zimetumiwa kupita kiasi, kwa sababu picha inayomvuta mtazamaji kwenye majani yaliyojipinda imemwibia mtu aliyekaa mbele ya majani hayo; na aliyekaa mbele ndiye aliyekuja kupigwa picha.

Ipo sifa nyingine ya lenzi hizi isiyosemwa sana nami naiona kubwa kuliko hiyo. Mbunifu wa mwaka 1960 hakuwa na kompyuta ndani ya kamera ya kuyanyoosha makosa yake baada ya picha kupigwa. Mistari ya ukuta iliyopinda ilibaki imepinda hata katika chapa. Hivyo lenzi ya kawaida ya milimita 50 au 55, iliyouzwa pamoja na kamera na ambayo sifa ya kampuni nzima iliitegemea, ilisahihishwa kwa kioo chenyewe, na ikifungwa hadi f/5.6 au f/8 hutoa ukali ambao mwenye kihisi cha nukta milioni 24 hana sababu ya kuulalamikia. Mtu mwenye fedha kidogo anayetafuta lenzi bora kwa mali aliyo nayo ataipata hapa, katika 50 ya Nikon, ya Pentax, ya Minolta, ya Olympus au ya Canon, kuliko mahali pengine popote katika soko la lenzi.

Lenzi pana ni habari ya pili, na hapo nashauri kinyume chake kabisa. Filamu ilipokea nuru iliyokuja mshazari bila kunung'unika. Kihisi kina visima vidogo vya nuru, na juu yake kimefunikwa kwa tabaka la kioo, na miale inayofika kwa mshazari mkubwa huvipiga visima vibaya na kupindwa na kioo hicho. Lenzi pana za kamera ndogo zisizokuwa na kioo cha kuakisi za enzi ya filamu, kama Jupiter-12 ya milimita 35, ambazo kioo chao cha nyuma kiliingia ndani karibu kuigusa filamu, hutoa pembe zilizopakazwa na rangi ya zambarau au kijani kando. Leica, ambayo haikuweza kuwaacha wenye lenzi zake, ililazimika katika M8 ya mwaka 2006 kuvisogeza vilenzi vidogo vya juu ya kihisi kuelekea katikati ili vipokee miale hiyo. Kampuni nyingine hazikuwa na deni hilo. Lenzi pana za kamera zenye kioo cha kuakisi zina nafuu, kwa maana tangu Pierre Angénieux alipotoa Retrofocus yake mwaka 1950 mpango wake ulizisukuma mbali na filamu. Lakini hata hizo ni dhaifu pembezoni kuliko lenzi pana ya leo ya bei ya wastani. Na kihisi kikiwa kidogo, hasara huzidi, kwa kuwa kamera yenye kihisi cha APS-C huifanya lenzi ya milimita 28 ione kama ya 42, na mnunuzi anabaki na uzito wa lenzi pana asiyoipata.

Kuna lenzi zenye thoria, nazo zimezungukwa na hofu na dharau kwa kipimo kimoja. Oksidi ya madini hayo ilichanganywa katika kioo ili kiweze kupinda nuru kwa nguvu bila ya kuitawanya rangi zake, na Takumar ya milimita 50 f/1.4 yenye vioo saba ni mfano ujulikanao. Thoria hutoa mionzi, na nusu ya umri wake ni kama miaka bilioni 14, hivyo asitazamie mtu kwamba imeisha. Kwa matumizi ya kawaida, lenzi ikiwa juu ya kamera au ndani ya mkoba, kiasi kimpatacho mtu ni kidogo. Ila isiwekwe karibu na kitanda, isigeuzwe kikuza-macho cha kutazamia, na kioo chake kisikwanguliwe wala kuvunjwa, kwa sababu vumbi lake likivutwa puani ni hatari ya kweli. Mionzi hiyo hukigeuza kioo kuwa cha manjano kadiri miaka inavyopita, na nuru ya urujuanimno hukisafisha: siku kadhaa za jua kali nje ya dirisha, nyuma ya lenzi pakiwa pamefunikwa kwa karatasi ya fedha ili jua likikusanywa na lenzi lisichome kitu. Kwa jua la kwetu dawa hii ni sahali na haina gharama.

Ama adui mkubwa wa lenzi katika miji ya Pwani ni kuvu. Hukua vizuri pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 70, na Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam hupita hapo mara nyingi katika mwaka, masika kuliko wakati wote. Huanza na nyuzi nyembamba kama utandu wa buibui katika kioo cha ndani, na ikiachwa hutoa asidi inayoula utando wa kioo, na baada ya hapo hata fundi stadi akiifuta, alama zake hazitoki. Mfuko wa ngozi ambao lenzi ilikuja nao, uliopendeza machoni pa wazee wetu, ndio nyumba bora ya kuvu, kwa maana ngozi hushika unyevu na kuulisha kioo polepole. Lenzi ihifadhiwe katika sanduku la plastiki linaloziba hewa, pamoja na vijifuko vya jeli ya silika vinavyokaushwa kila vinapolowa, na bora zaidi itumiwe, ipate upepo na mwanga. Mnunuzi aende na tochi. Aifungue lenzi tundu lote, aimulike kutoka nyuma kwa mshazari, atazame kuvu, ukungu, na gundi ya vioo iliyoachana na kuonyesha rangi za upinde. Alizungushe tundu aone kama majani yake ya chuma ni makavu na mepesi, kwa kuwa mafuta juu yake huyafanya yagande. Aisikilize pete ya fokasi kwa mkono wake, kwani grisi iliyokauka hutibika na hesi iliyolika haitibiki. Mikwaruzo michache mbele ya lenzi, ambayo huwatisha wauzaji hata wakapunguza bei, haiharibu picha kwa kiasi cha kuonekana isipokuwa jua likiipiga moja kwa moja. Anayejua hilo hununua vizuri.

Matengenezo yenyewe ni sehemu ya hesabu. Lenzi ya mkono ina kioo, shaba, aluminiamu, parafujo na grisi, na mtu mwenye subira, ufunguo wa meno mawili na bisibisi ndogo nzuri anaweza kuifungua, kuipaka grisi mpya na kuifunga, ilimradi aweke alama mahali hesi zinapoachana, kwa maana hesi ya fokasi ikiingizwa kwa mwanzo usio wake, lenzi haitafika mbali tena. Lenzi za leo nyingi zina fokasi ya waya: pete iliyo nje haikisukumi kioo chochote, bali hupeleka habari kwa mota, na mota hupewa umeme na amri na kamera moja tu inayozungumza lugha yake. Kamera hiyo ikiisha sokoni, lenzi hizo hazina pa kwenda. Nikon ilianzisha jamii ya Nikon 1 mwaka 2011 na kuisimamisha mwaka 2018, na baadhi ya lenzi zake hazikupewa hata pete ya fokasi. Canon ilitoa lenzi za EF-M mwaka 2012 na kuifunga jamii hiyo mwaka 2023. Umbali wake ni milimita 18, pungufu kuliko 20 za RF, na tundu lake pamoja na fokasi yake havisogei bila umeme. Helios iliyotoka Krasnogorsk pamoja na Zenit hufungwa leo, kwa pete moja ya chuma, juu ya kamera ya Sony, ya Fujifilm, ya Nikon na ya Canon. Lenzi ya EF-M haifungiki juu ya kamera mpya ya Canon yenyewe.